Uwanja nao ni urithi

Siku za bamvua kubwa, ukipita Mnazi Mmoja, hapa Unguja mjini, utayakuta maji ya chumvi yametanda uwanjani kama yaliyorudi kwao. Na ni kwao hasa. Zamani pale paliingia mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, na jina la Darajani limetokana na daraja lililokuwa likiwavusha watu. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, barabara ikapita juu yake, na sehemu nyengine ikabaki wazi. Wakati wa Waingereza ilikuwa viwanja vyao vya michezo. Sisi wa leo tumevikuta ni vyetu sote.

Mimi nimekulia Kikwajuni, nyumba ya watu tisa yenye uwani wa kutosha kamba moja ya kuanikia nguo. Mpira nimejifunza Mnazi Mmoja. Idi nimeijua Mnazi Mmoja, sikukuu zote nne, na shilingi za mkono wa Idi zikiniishia kwenye ubuyu na aiskrimu kabla ya magharibi. Kwa hiyo mtu akiniambia pale ni "eneo lililokaa bure", nakasirika kweli. Halijawahi kukaa bure hata siku moja.

Tangu Mji Mkongwe uingie katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, tumezoea kuhesabu milango ya nakshi, roshani na kuta za mawe na chokaa. Ni vyema, na tuendelee. Beit el Ajaib, jumba la kale la masultani, ilipoporomoka Disemba 25, 2020 na watu wawili wakapoteza maisha, mji mzima uliingia msiba, nami nilikuwa miongoni mwa waliolia. Ila kona ya uwanja ikizungushiwa mabati hakuna anayeshtuka. Leo magari mawili yanaegeshwa chini ya mti, kesho kumi, mwakani watoto wameshasahau kwamba palikuwa pa kuchezea.

Mfano wa kinyume chake tunao, na tunaukalia kila jioni. Forodhani ilikuwa forodha kweli: mizigo ikishushwa, ushuru ukitozwa. Shughuli za bandari zilipohamia Malindi, ufukwe ule ungeweza kujazwa maghala. Badala yake, mwaka 1936 ulifanywa bustani kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub, na mwaka 2009 ikafunguliwa tena baada ya kukarabatiwa na Wakfu wa Aga Khan. Mahali pa biashara pakageuzwa mahali pa watu, mbele kabisa ya mji, penye upepo mzuri kuliko pote. Ukenda saa kumi na moja utawaona vijana wakichupa baharini kutoka ukutani, huyu kichwa chini, yule miguu juu, na wazee wakiwatazama kama vile hawajawahi kuwaona. Hakuna aliyelipa kiingilio.

Najua mji unahitaji fedha, na magari lazima yawekwe mahali. Hilo sibishani nalo. Ninachokataa ni kwamba kila ikitafutwa nafasi, jicho linaangukia uwanja kwanza, kwa sababu uwanja hauna mlango wa kubisha hodi wala mpangaji wa kulalamika. Wenye nyumba za bustani hawataona tofauti. Atakayeumia ni mtoto wa Kikwajuni, wa Kisiwandui, wa majumba ya Michenzani, ambaye akitoka ngazini anakutana na barabara.

Mwezi uliopita nilimtoa mama kupunga upepo katika bustani moja ya mjini. Magoti yanamsumbua. Tulipofika, vivuli vyote vilikuwa vimepangwa meza na viti vya plastiki, na kijana akatwambia kwa adabu, "Samahani bibi, hapa ni kwa wanaoagiza." Mama hakuwa na njaa. Tuliagiza juisi moja ya miwa ili apate kukaa, akainywa nusu, nyengine akanisukumia mimi.

Namtakia benchi moja chini ya mti, la saruji, lisilohamishika, ambalo hakuna atakayemuuliza ameagiza nini.