Michezo sawa, ila kuanguka kwanza

Ndugu mwandishi, katika makala yako umesema wanafunzi wa jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana na kudhibitiana chini, wanaofundishwa kwa michezo midogo midogo, bila kukaririshwa mbinu moja mara mia, huiva haraka. Nakubaliana nawe kabisa. Ila jambo lenyewe si geni: Jigoro Kano alipoanzisha judo Tokyo mwaka 1882, aliipa nafasi kubwa randori, yaani kupambana kwa uhuru na mwenzako anayekataa kuangushwa. Aliweza kwa sababu mbinu za hatari aliziondoa katika mazoezi hayo.

Mwalimu akisema tu "mmoja ashike ukosi, mwingine ajinasue", tayari amefundisha mengi. Mwanafunzi anahisi mwenyewe uzito wa mwenzake ukianza kuingia mguu wa mbele, na hapo hapo anaufagia mguu huo kwa wake ili amwangushe. Hilo hulipati kwa kupiga hewa mkiwa mmejipanga mstari.

Kinachonitia wasiwasi ni kuanguka. Kidevu kifuani, mkono upige mkeka, usijikinge kwa kiganja. Hapo hakuna njia ya mkato. Nimeona vijana wakiumia vifundo vya mikono kwa sababu kocha alikuwa na haraka ya kuwapambanisha. Makala haikuligusa hili hata kidogo. Tafadhali, waulizeni makocha mnaowahoji.