Haleluya niliyoiimba peke yangu

Kwanza niseme kabisa, mi sauti ninayo. Sijisifu, hata wabaya wangu wanalijua hilo. Besi yangu inatokea kwenye visigino huko. Moshi nimeimba kwaya ya usharika tangu niko kidato cha pili, kwa hiyo nilipofika Leipzig kusoma, baridi ikaanza kunitafuna na sina hata mtu wa kupiga naye stori zaidi ya yule wa kwenye kioo, nikaona dawa ni moja tu, kwaya.

Na Leipzig kwetu sio ugenini sana. Wamisionari wa Kilutheri walioingia Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig, marehemu bibi alikuwa akiitaja "Laipsigi" unaweza kudhani ni kituo cha kwanza ukishapita Boma Ng'ombe. Sasa mjukuu kafika Laipsigi yenyewe, mji ambao Bach, yule mtunzi mkubwa wa Kijerumani, aliongoza muziki wa kanisa tangu 1723 mpaka anakufa 1750, nitakaaje nyumbani bana.

Nikaenda kwenye usharika mmoja wa mtaani, jina tuliache maana bado napita pale. Mwalimu wa kwaya alikuwa mama mmoja mfupi, macho makali, anaongea kidogo. Akanisikiliza dakika moja hivi, akageuka kuwaangalia mabesi wake, walikuwa wanne jumla na wawili kati yao ni wazee wa kuimba wamekaa, akasema karibu, mazoezi Jumanne. Afu akanipa kitabu. Kantata ya Bach ya Pasaka (kantata ni utungo mrefu wa waimbaji na vyombo), Christ lag in Todesbanden, yani Kristo alilala katika kamba za mauti. Akaniuliza noti unasoma? Nikajibu ndiyo.

Hapo ndo uongo ulipoanzia.

Mi nasoma sol-fa. Kwetu wimbo umeandikwa do re mi, mtu unajua unatoka wapi unaenda wapi. Ile ya mistari mitano kwangu ni kunguru waliotua kwenye nyaya za umeme, unawaona wengi, wengine weusi wengine weupe, ila wanasema nini hujui. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho kila mwanakwaya wa kijijini anakijua, nikatafuta anayejua nikakaa ubavuni kwake. Alikuwa mzee mmoja dereva wa tramu mstaafu, besi safi, anayejua kila kitu. Yeye akipumua na mi napumua, akishuka nashuka, ninachelewa robo sekunde tu na kanisa lao lina mwangwi, hakuna anayejua.

Na hii kantata yenyewe ilinisaidia. Ni hivi: Luther aliandika ule wimbo wa Pasaka mwaka 1524, beti saba. Bach, bado kijana wa miaka ishirini na kitu, karibu na 1707 hivi, akazichukua beti zote saba kama zilivyo, hakuongeza hata neno moja la pembeni. Kinachoanza ni vyombo peke yake kidogo, afu ubeti wa kwanza kwaya nzima, wa pili soprano na alto, wa tatu tena, yani sauti ya juu ya kiume, peke yake, wa nne kwaya, wa tano besi, wa sita soprano na tena, wa saba wote. Ufunguo ni ule ule mwanzo mwisho, wimbo ni ule ule anaupindua tu kila namna. Na kila ubeti, narudia, KILA ubeti, unaishia na Haleluya. Mi nikachukua penseli nikazizungushia Haleluya zote saba. Nikasema basi nimemaliza, nitakuwa nahesabu. Haleluya ya tatu ikipita najiandaa, ya nne ikipita natulia, ya tano ni yetu. Mtu unapotea wapi hapo?

Sasa maneno. Nikakaa na kamusi usiku mmoja nione tunaimba nini. Ubeti wa nne mauti yanapigana na uhai, kifo kimoja kinakimeza kingine, maneno mazito. Afu nikafika ubeti wa tano, wetu mabesi. Yupo hapa mwanakondoo wa kweli wa Pasaka, Osterlamm, halafu mbele kidogo linakuja neno gebraten. Nikafungua kamusi. Kuchoma. Kukaanga. Nikarudia tena. Kachomwa, kwa upendo wenye moto. Luther huyo ndugu zangu! Kakaa kaandika nyama choma kwenye wimbo wa ibada na hakuna aliyemuuliza! Na ubeti wa saba ndo unamalizia kabisa, tunakula na kuishi vizuri, na mkate wa Pasaka juu yake.

Mi ni mtu wa Kilimanjaro. Miezi saba nilikuwa sijaona mnyama amechomwa akiwa mzima. Nikamuuliza mzee wangu wa tramu, baada ya ibada ya Pasaka kunakuwa na Osterlamm? Mzee akacheka akasema kila mwaka! Mwaka huu watakuwa watatu, mmoja anamtengeneza mke wangu.

Watatu! Kwa usharika wa watu hata mia hawafiki!

Lile neno "anamtengeneza" lilitakiwa linishtue. Kondoo hatengenezwi. Kondoo anachinjwa, anachunwa, anageuzwa kwenye moto na wanaume wanaobishana. Lakini mtu ukiwa na hamu ya nyama sarufi huioni.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umekula?"

"Bado, ila Pasaka hii wanachoma kondoo watatu kanisani."

Kimya kidogo. "Wazungu?"

"Ndio mama, mpaka wimbo upo."

"Basi asubuhi usile. Na utengeneze kachumbari, hao hawajui kachumbari."

Ushauri wa mama haupuuzwi. Jumamosi ile ilikuwa mazoezi ya mwisho, pamoja na vyombo na yule tena wa kukodi wa kuimba ubeti wa tatu, mi sikwenda maana nilikuwa na zamu ya kuosha vyombo hotelini, nikajiambia ubeti wa tatu si wetu, na Haleluya zangu nimeshazungushia. Usiku nikakata nyanya, vitunguu, nikakamulia ndimu, nikatupia pilipili zile ndogo nilizonunua duka la Waasia, nikafunika kwenye kontena la aiskrimu, nikaweka kwenye begi.

Jumapili ya Pasaka nikaamka na njaa takatifu. Sikula kitu. Nimevaa nyeusi, begi nimelisukumia chini ya kiti changu kule juu tunakokaa karibu na kinanda, na kwa sababu wamewasha hita mara moja kwa mwaka, kitunguu nacho kikaanza kushuhudia. Alto mmoja aligeuka mara mbili. Nikaangalia dari.

Kantata ikaanza. Vayolini zinalia polepole, mpaka nywele zinasimama. Ubeti wa kwanza tukaingia, mzee ubavuni, mambo safi, Haleluya yake inakimbia mwishoni utadhani daladala limeona trafiki, nikachelewa robo sekunde yangu ya kawaida, nikatia tiki kwa penseli. Moja. Ubeti wa pili soprano na alto, taratibu sana, "kifo, kifo", tumbo langu likaitikia kidogo. Haleluya. Tiki. Mbili. Kwaya tukakaa.

Akasimama yule tena. Kijana mrembo, skafu, kitabu amekishika mkono mmoja kama menyu. Na ubeti wa tatu vayolini zinakimbia bila kupumzika, tiriri tiriri tiriri, yeye juu yake anatembea tu na wimbo wa Luther, Yesu Kristo Mwana wa Mungu amekuja mahali petu, nafuatilia Kijerumani changu cha kuokoteza, kifo kimenyang'anywa haki yake yote na nguvu zake zote, vayolini zikaanza kugonga kwa hasira, pa! pa! pa! Afu tena akasema: "hakijabaki NICHTS".

Kila kitu kikasimama.

Kanisa zima kimya. Vayolini kimya, kinanda kimya. Tena kafumba macho.

Sasa nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Nichts maana yake hakuna kitu. Ni neno la Kijerumani nililolijua vizuri kuliko yote kwa sababu ya benki. Namwona mtu kasimama mbele ya waumini, kafumba macho, kasema "hakuna kitu", kanyamaza. Wewe ungeelewaje? Mi nilielewa kijana maneno yamempotea, na kwa uaminifu wa Kilutheri kabisa ameamua kukiri hadharani kwamba kichwani hakuna kitu!

Kwetu Moshi mtu akikwama hawamwachi aaibike. Mama mmoja ataanzisha pambio, mtu wa besi atadaka, mambo yanasonga. Nikaangalia huku na huku, hakuna anayesaidia, wamekaa tu hawa watu. Roho ikaniuma. Nikawaza haraka haraka, nitamwokoa na neno gani? Jibu nililizungushia mwenyewe kwa penseli. Kila ubeti unaishia na Haleluya, huwezi kukosea na Haleluya.

Nikasimama.

"HAAAA-LE-LUUUU..."

Kwa ile besi ya visigino. Kwenye ule mwangwi. Bila robo sekunde ya kuchelewa, maana safari hii nilikuwa sina wa kumfuata.

"Ya" yake sikuifikisha. Mzee wa tramu alinivuta koti nikakaa kama gunia, lakini "luuu" ilikuwa imeshaondoka, niliisikia inafika madhabahuni, inazunguka, inarudi kunitafuta. Mwalimu wa kwaya mikono iko hewani ameniangalia. Hakukunja uso wala nini, aliniangalia tu, yani ningependa angenitukana. Na yule tena, Mungu ambariki, alifumbua jicho moja, akasubiri "luuu" yangu imalize matembezi yake, ndo akaendelea taratibu kabisa na maneno yaliyokuwa yamebaki. Kumbe sentensi yenyewe ni hakijabaki kitu ila sura tu ya kifo! Kumbe kale kakimya Bach kakaweka makusudi, neno "hakuna kitu" linafuatwa na hakuna kitu kweli! Vayolini zikarudi kukimbia, na Haleluya halali ya ubeti wa tatu ikaja kwa wakati wake. Sikutia tiki.

Ubeti wa nne niliimba kwa midomo tu. Ila wa tano ulipofika, wetu mabesi, nikasema liwalo na liwe. Kuna mahali neno ni kifo na sauti inaanguka kutoka juu mpaka shimoni, afu muda sio mrefu unapandishwa juu kabisa unashikilia hapo neno la mnyongaji mpaka mishipa inatoka. Kabla ya hapo tulipita kwenye gebraten, na niseme ukweli, sidhani kama kuna mtu toka 1707 ameliimba neno lile kwa hisia kama zangu.

Ibada ikaisha. Nikashuka ukumbini na begi langu, aibu mkono wa kushoto, njaa mkono wa kulia. Mama mmoja mwenye miwani akanisimamisha, yuko serious kabisa, akaniuliza ile Haleluya ya katikati ya ubeti wa tatu ni ya Bach alipoirudia kantata hapa Leipzig 1724 na 1725, au ni ya zamani zaidi? Nikamwambia ni ya Moshi. Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika moyoni.

Nikaingia ukumbini natafuta moshi. Hamna moshi. Hamna harufu. Kuna meza ndefu, kahawa, mayai ya kuchemsha yamepakwa rangi, bluu, nyekundu, kijani. Nikamuuliza mzee, Osterlamm wako wapi? Akanyoosha kidole kwa fahari.

Watatu kweli. Wamekaa kwenye sahani, wamekunja miguu, urefu wa kiatu cha mtoto. Wamenyunyiziwa sukari nyeupe ya unga. Mmoja kafungwa utepe mwekundu shingoni.

Keki.

Keki ya umbo la kondoo! Mke wa mzee akanikatia kipande yeye mwenyewe, akaniwekea na kichwa, kwa heshima ya mgeni. Kile kichwa kinaniangalia. Nikatoka nje kidogo nikampigia mama, maana alikuwa anasubiri ripoti.

"Umepewa sehemu gani?" ndo salamu yake ya kwanza.

"Mama, ni keki."

"Si najua, ndafu ni keki yetu, sehemu gani?"

Maana si mnajua kwetu kwenye harusi mbuzi mzima akiletwa na majani mdomoni, MC anatangaza keki ya asili hiyo inaingia. Ikanichukua dakika tatu na salio lote kumweleza kwamba sisi mbuzi tunamwita keki na hawa keki wanaiita kondoo. Mama akasema rudi ndani, kachumbari usiitupe.

Nikarudi. Nikaangalia keki, nikaangalia kontena langu, nikaangalia yale mayai. Yai la kuchemsha na kachumbari! Mtu wa stendi ya Moshi mzima nashindwaje kuliona hilo toka mwanzo? Nikamenya la bluu, nikalipasua katikati, nikajaza. Mabesi wakasogea. Nikawapasulia na wao, mpaka yule tena wa skafu akaja kuchukua lake, akasema naona leo umeamua kutuokoa wote. Mayai ya kwenye ile meza yaliisha kabla ya kondoo wa pili kukatwa.

Mzee wa tramu akachukua la pili na kijiko kizima cha kachumbari, nikamwambia mzee taratibu kuna pilipili humo, akapunga mkono kama mtu aliyeendesha tramu miaka arobaini. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Masikio yakaanza kuwa mekundu.

"Vipi mzee, kali?"

Akafumba macho.

"Nichts," akasema, akanyamaza.

Safari hii nikasubiri.