Siku kumi za mbwa si siku za mtoto kusubiri

Mtoto wa miaka mitatu amemfuata mbwa wa nyumbani kwenye sahani yake ya ugali, akamkumbatia shingoni, akang'atwa shavu. Neno la kwanza kusikika uani huwa ni lile lile: "Huyu si mbwa wa mtaani, ni Simba wetu, hana neno." Kwa maoni yangu, ni neno linalowaponza watoto wetu.

Mbwa anayewauma watoto wadogo mara nyingi ni yule wanayemfahamu, kwa sababu ndiye wanayemfikia anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Na kimo chao kinaweka uso wao mbele ya mdomo wake. Mtu mzima huumwa mguu au mkono. Mtoto huumwa shavu, kope, kichwa, shingo. Virusi vya kichaa cha mbwa hupita kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na kutoka shavuni safari ni fupi. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi 2 hadi 3, ila jeraha la kichwani linaweza kuziwahisha. Zikishatokea, karibu haponi mtu. Kabla ya hapo ugonjwa unazuilika.

Sasa hizo siku 10. Wengi wamesikia kwamba mbwa aliyeuma hufungiwa siku 10 aangaliwe, wakadhani na mtoto naye asubiri. Sivyo. Hapa kwetu, ambako kichaa cha mbwa bado kipo, mtoto aliyechubuliwa au kutobolewa ngozi aanze chanjo siku hiyo hiyo. Siku 10 ni za kuamua kama chanjo isimamishwe: virusi huingia kwenye mate siku chache tu kabla mbwa hajaugua, na akishaugua hafiki mbali. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, basi siku aliyouma mate yake yalikuwa salama, na daktari anaweza kuacha dozi zilizobaki. Kadi ya chanjo ya mbwa ipelekwe hospitali pamoja na mtoto, lakini isitumike kumbakiza nyumbani.

Kabla ya kuita bodaboda, osha. Kama damu inaruka au inatiririka sana, kandamiza kwanza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Kama jeraha liko shingoni na mtoto anapumua kwa shida, usisubiri kitu, kimbia naye. Vinginevyo, mmoja ampakate mtoto akiwa amefungwa mikono kwenye kanga, mwingine amimine maji. Sabuni yoyote inafaa, hata kipande cha mche wa kufulia. Maji yatiririke, povu liingie mpaka ndani ya tundu la jino, kwa dakika 15 za saa. Hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa: mtoto analia, moyo wa mama unauma, dakika ya tatu wanaacha. Msiache. Sabuni huviharibu virusi vingali jerahani, na kila dakika ya maji inapunguza vinavyobaki. Kama hakuna bomba, ndoo ya lita 20 inatosha ukimimina kwa jagi polepole. Jeraha la karibu na jicho lioshwe kwa maji mengi, sabuni isiingie machoni. Majivu, kahawa, dawa ya meno, mafuta ya taa na jiwe jeusi visiguse kidonda.

Hospitalini, mzazi ana haki ya kuuliza mambo mawili kabla sindano ya kushona haijashikwa. La kwanza: kidonda kimeoshwa tena? La pili: kingamwili ya kichaa cha mbwa ipo? Hii si chanjo. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kinga, kazi inayochukua siku kadhaa. Kingamwili ni kinga iliyo tayari, inayochomwa ndani na kuzunguka kidonda. Kipimo ni uniti 20 kwa kilo ikiwa imetoka kwa binadamu, 40 ikiwa imetoka kwa farasi. Mtoto wa kilo 12, basi, hapewi zaidi ya uniti 240 au 480. Majeraha yakiwa mengi, huongezewa maji ya chumvi ya hospitali ili itoshe yote. Ikikosekana siku ya kwanza, chanjo ianze bila kuisubiri, na kingamwili itafutwe ndani ya siku 7.

Kushona kabla ya kingamwili kunaweza kusukuma virusi ndani zaidi. Jeraha la uso likihitaji kushonwa, lishonwe baadaye na kwa nyuzi chache zilizolegea.

Chanjo ya msulini hutolewa siku ya 0 (yaani siku ya dozi ya kwanza), 3, 7 na mara moja kati ya 14 na 28. Ile ya ngozini, siku ya 0, 3 na 7, sehemu mbili kila safari. Ya msulini, kwa mtoto chini ya miaka 2, huchomwa pajani. Kamwe isichomwe kwenye tako, maana pale haifanyi kazi sawasawa. Beba kadi ya kliniki ili waangalie pepopunda. Na kwa mtoto mchanga aliyeumwa kichwani, tundu dogo lililofichwa na nywele lisidharauliwe: jino linaweza kutoboa fuvu. Omba apigwe picha.

Kinachonikera ni mzazi kuzungushwa zahanati tatu akiitafuta chanjo. Kila zahanati ingeweza kubandika mlangoni karatasi inayosema chanjo iko wapi wiki hii.

Simba naye asiuawe kwa hasira. Afungwe kwa mnyororo, apewe maji na chakula, afisa mifugo aarifiwe. Akidondosha mate, taya likining'inia, sauti ikibadilika, msimtie mkono mdomoni mkidhani amekwamwa na mfupa. Akifa kabla ya siku ya kumi, msimzike wala msimpasue kichwa. Ubongo ndio unaopimwa maabara. Dozi za mtoto ziendelee zote.