RPG-7 si kombora la kuongozwa
Ndugu mwandishi, habari yako nimeisoma hadi mwisho, ila pale ulipoihesabu RPG-7, roketi ya kufyatulia begani, kati ya makombora ya kuongozwa umeteleza. Hapa Goma hata kijana wa mtaa wa Birere atakuambia: RPG ukishafyatua imekwenda, na upepo wa ubavuni ukiipotosha huna la kufanya.

Kombora la kuongozwa ni kitu kingine: huelekezwa likiwa hewani. Milan ya Wafaransa na Wajerumani, ya miaka ya 1970, huburuta nyuma yake waya mwembamba wa kuiongoza, na mpigaji lazima abaki palepale akikilenga kifaru mpaka kombora likifikie. Zaidi ya sekunde kumi kama shabaha iko mbali! Adui ameshaona moshi ulikotokea. Javelin ya Marekani hufuata joto la kifaru yenyewe. Mpigaji anafyatua, anakimbia, nayo inapanda juu kisha inashukia paa, ambako chuma ni chembamba. Uzito wake ni kama kilo 22, karibu nusu mfuko wa simenti. Mtu wa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa kubebea mizigo, atacheka, lakini apande nao milima ya Masisi kwanza.

Halafu picha mliyoiita Javelin ni ya RPG. Muibadilishe.