Mlango umetupwa, kitasa ninacho

Jumamosi usiku tulimaliza onyesho la mwisho. Sijamaliza hata kuchomoa pini kwenye aproni yangu, vijana wawili wameshashika misumeno. Ukuta niliopiga mikono mitatu ya rangi ili uonekane umeingia unyevu ukakatwa vipande. Mlango, ambao ulikuwa mlango wa kweli wenye bawaba na kila kitu, ukafuata. Ilipofika saa tano jukwaa lilikuwa tupu, na huko nje kontena la taka limefurika. Ukumbi wetu hapa Leeds, Uingereza, uko juu ya baa, una viti 60, hauna hata pa kuweka fagio, na Jumatatu linaingia kundi jingine na igizo lake. Kwa hiyo vitu vinatupwa. Sikuona aliyesikitika. Mimi niling'oa kile kitasa nikakitia kwenye begi kama mwizi.

Kwetu nani atupe nini, wakati hakuna hata kimoja kilicho chako?

Tulipoigiza habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, pale Iringa, na kikundi cha vijana wa Kihesa, kila kitu kilichokuwa jukwaani kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele. Vitenge vya mama zetu. Pazia la kanisani. Vikapu vya milulu vya bibi mmoja aliyetuhesabia mbele ya mashahidi. Kigoda tuliazima kwa mzee mmoja wa Kalenga. Sasa askari wa Mjerumani akaingia kwa hasira, kama tulivyomfundisha, akakipiga kigoda teke. Mzee akasimama. "We kijana! Hicho kimekaliwa na baba yangu!" Askari wa Mjerumani, bunduki ya banzi begani, akainama, akakiokota, akakipangusa vumbi, akasema, "Shikamoo babu, samahani." Ukumbi mzima ulicheka hadi tukaanza onyesho lile upya.

Siku ya pili ukatokea msiba mtaani, mabenchi na turubai vikaondoka saa tisa alasiri. Utabishana na msiba? Wahehe tukapigana vita ya Lugalo ya mwaka 1891 juani, watazamaji wamekaa chini.

Na lile fuvu. Wazee wanisamehe. Nilihitaji fuvu la Mkwawa, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nikalitengeneza kwa magazeti na uji wa sembe, nikalianika siku tatu. Ilikuwa Julai, mnaijua Julai ya Iringa, halikukauka vizuri. Usiku wa kuamkia onyesho panya wakalitoboa. Sikuwa na muda wa kutengeneza lingine. Baada ya onyesho mwalimu mmoja wa historia akaja kunipa mkono: eti amefurahi kuona nimefanya utafiti mpaka nikaweka tundu la risasi. Nikasema asante, mwalimu.

Hadithi hizi nikizisimulia huku, watu wanashika vifua, wanasema ni nzuri mno, ni ya kijamii mno. Hapo ndipo ninapoanza kukasirika. Maana hawajawahi kufua vitenge kumi na vinne kwa mkono usiku ule ule ili virudi kwa wenyewe asubuhi. Kuna mama mkubwa mmoja ambaye chake kilishika msumari. Mpaka leo salamu zake kwangu ni fupi. Na hicho si kibaya zaidi. Kibaya zaidi ni kwamba kitenge cha kuazima hukikati. Hukitii rangi. Benchi la kuazima hulipigilii msumari. Ndiyo maana maleba yetu, yaani mavazi ya jukwaani, yote ni ya kujifunga tu: mfalme kajifunga, mganga kajifunga, malaika kajifunga. Tukadhani huo ndio mtindo wetu. Mtindo gani? Ilikuwa woga wa kukata kitambaa cha mtu.

Sare za askari wale ndizo pekee nilizokata, kwa sababu nilinunua kaptula za kaki za mitumba Mlandege kwa hela yangu ya nauli. Vifungo nilitengeneza kwa vizibo vya soda vilivyogongwa bapa. Nikizikumbuka sare zile naona ndipo nilipoanza kazi hii, kwingine kote nilikuwa mpangaji wa vitu vya watu.

Huku mara ya kwanza nilipopewa jora la kitambaa na mkasi, mkono ulinitetemeka. Nilikuwa nikitafuta mwenyewe yuko wapi. Wakaniambia gauni lionekane la zamani: lisugue kwa msasa magotini, liloweke kwenye chai. Chai! Mimi niliyetoka jirani na Mufindi kwenye mashamba ya chai, nimevuka bahari kuja kufundishwa kwamba majani ya chai yanazeesha nguo. Wamenifundisha pia kujenga kwanza jukwaa dogo la kadibodi, ambamo sentimita 4 ni mita 1, ili mbao zisikatwe kwa kubahatisha. Hilo ni jema, nalisema waziwazi. Hata zile fomu zao za moto, ambapo niliwahi kuulizwa kikapu changu kimepakwa dawa gani ya kuzuia kuungua, niliacha kuzicheka nilipojua kwamba mwaka 1887 jumba la Theatre Royal la Exeter liliungua na watu 186 wakafa. Sisi tulikuwa tunawasha kibatari cha kweli hatua mbili kutoka pazia la kanisa.

"Ameanza. Amekula viazi vya Wazungu, sasa anatufundisha kuigiza." Nawasikia. Wewe hasa, uliyekuwa unanilipa soda moja na ahadi ya "utatusaidia tu dada", nakusikia vizuri. Mimi sijasema tuwe kama wao. Hao wenyewe wameshituka: mwaka 2021 watu wa maigizo wa Uingereza walitoa mwongozo, Theatre Green Book, unaowataka wajitahidi nusu ya vifaa vya jukwaani viwe vilivyokwisha kutumika. Nilikalishwa darasani kuelezwa faida za kutumia mbao kuukuu. Mimi! Mtoto wa mabanzi ya Mafinga! Nilinyamaza kwa heshima.

Ila kati ya kutupa na kuazima kipo kitu cha tatu, na hicho ndicho ninachokililia: stoo. National Theatre ya London inayo, inakodisha maleba na vifaa kwa vikundi vingine. Sisi hatuhitaji jumba. Nataka chumba kimoja chenye kufuli, Iringa, Mbeya au hata Makambako katikati ya njia, na ndani yake sare zile za kaki, fremu kumi za mbao zilizowambwa magunia, vigoda visivyokaliwa na baba wa mtu. Shule ikitaka kuigiza, inachukua, inarudisha. Siku ya msiba, benchi la igizo linabaki kwenye igizo.

"Si urudi ukajenge mwenyewe?" Swali zuri. Jumapili, bado nina rangi kwenye kucha, nilimpigia baba mdogo wa Ipogolo kumuuliza habari ya kile chumba chake cha nyuma. Akasema kimejaa mahindi, anasubiri bei ipande. Nikamwambia nitasubiri. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Lakini hizo nguo zako, mwanangu, panya wanazila?"

Nikamwambia nguo hawali.