Kazi Ikizidi, Msimamizi Naye Apewe Hesabu

Ugomvi wa kazi nyingi viwandani Uganda, Jinja au Namanve, husimuliwa kwa namna moja: bosi mkali, mfanyakazi mnyonge. Mfanyakazi ana haki yake, na sheria iko upande wake. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 48 kwa wiki; zikizidi, zisipite 10 kwa siku wala 56 kwa wiki (zamu zina utaratibu wake). Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, ya sikukuu mara mbili.

Anayesahaulika ni msimamizi. Lengo la uzalishaji hakulipanga yeye, wala hana ruhusa ya kuajiri. Akiambiwa tu "bosi, kazi imezidi", atapeleka nini juu? Akirudia maneno hayo mbele ya mkurugenzi, ataonekana ameshindwa kusimamia watu. Kinachomfaa ni tarakimu.

Tuseme mshahara ni shilingi 624,000 kwa mwezi. Kwa saa 48 kwa wiki, mwezi una wastani wa saa 208, basi saa moja ni 3,000 na ya ovataimu 4,500. Watu kumi wakifikisha saa 56 kila mmoja, ovataimu yao ni 360,000 kwa wiki, sawa na 1,560,000 kwa mwezi. Hiyo ni mishahara ya watu wawili na nusu! Na zile saa 80 walizoongeza kwa wiki, wapya wawili wangezimaliza na kubakiwa na saa 16, kwa 1,248,000. Tofauti ya 312,000 kila mwezi mkurugenzi ataielewa upesi, hata akikumbushia gharama ya kuwafundisha wageni.

Shida ni kwamba penye ovataimu isiyolipwa, hesabu hii haionekani. Saa za ziada zinakuwa za bure, na msimamizi ananyang'anywa hoja yake pekee ya kuomba watu.

Kwa hiyo mfanyakazi aandike kwa wiki tatu au nne: kazi gani, ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, nini kilichelewesha. Mashine ikisimama au malighafi ikichelewa, iandikwe pia, maana pengine tatizo si idadi ya watu. Kisha amuulize msimamizi lipi lisubiri, na jibu liandikwe na kusainiwa.

Msimamizi anayekataa hata kuipokea karatasi hiyo simtetei. Nakala yake iende kwa afisa wa kazi wa wilaya.