Konde wa Besalú na sisi wa Kilwa

Mzee ninayemhudumia huku Catalonia, Hispania, ana miaka 89. Asubuhi isiyo na mvua namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu tuvuke daraja la mji wa Besalú. Daraja lenyewe halikunyooka, lina kiwiko katikati, maana mafundi walifuata miamba iliyokuwemo mtoni badala ya kushindana na maji ya Fluvià. Mawe yake yanatikisa kiti mpaka vidole vinanifa ganzi. Tukifika chini ya mnara walipokuwa wakitoza ushuru zamani, mzee ananyoosha mkono nisimame, na hadithi inaanza: "Tallaferro..." Anamtaja kama jirani aliyehama mtaa juzijuzi.

Bernat Tallaferro, yaani Mkata-chuma, alirithi Besalú mwaka 988, baba yake alipoacha utawala, akawagawia wanawe nchi na kwenda kuwa mtawa Italia. Ilikuwa dola ndogo, na mtawala wake kwa Kihispania huitwa conde. Sisi konde kwetu ni ngumi, na konde ni shamba pia. Huyu bwana alistahili yote mawili. Kutosheka hakukujua. Mwaka 1017 alimwomba Papa Benedikto VIII ampe jimbo lake mwenyewe la kiaskofu, akampata askofu: mwanawe wa kumzaa! Mwaka 1020 akazama katika mto Rhône, na uaskofu ukazama naye.

Mwisho wa nchi hiyo haukuwa na panga wala moto. Mwaka 1107 Bernat III alimwoa binti wa Ramon Berenguer III, mtawala wa Barcelona. Bibi harusi alikuwa bado mtoto mdogo kabisa, na mkataba ulisema bwana akifa bila mrithi, Besalú iende kwa mkwewe. Sijui wazee wa ukoo walikuwa wapi siku ya kutia saini. Mwaka 1111 akafa, hana mtoto, na Barcelona ikachukua chake.

Yote hayo ni miaka 123, katika mji ambao leo hauna hata watu 3,000. Lakini muulize muuza mkate, atakuambia "konde wetu". Mwaka 1964 lilifukuliwa hapo bwawa la kutawadhia la Wayahudi, la Zama za Kati, na Wayahudi wenyewe waliuhama mji tangu karne ya 15. Nalo wanaliita letu.

Sasa njoo kwetu. Mimi nimezaliwa Kilwa Masoko, kisiwa cha Kilwa Kisiwani nikikiona ng'ambo kila nikienda pwani. Msikiti Mkuu wa pale kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11, karne ileile ya Tallaferro. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331 akausifu mji. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa na sarafu zenye jina lake, na mojawapo imeokotwa Great Zimbabwe, mbali huko bara dhahabu ilikotoka. Wareno walipokuja mwaka 1505 na mizinga yao hawakuleta mkataba wa ndoa.

Na mimi, mzee aliponiuliza mara ya kwanza natoka wapi, nilijibu: kijiji cha wavuvi. Nikaulizwa magofu yale kwenye picha ya simu yangu ni ya nani. Nikasema ya Waarabu.

Ndivyo nilivyofundishwa, na ndipo ninapogombana na watu wa nyumbani. Waliochoma chokaa, waliochonga matumbawe, waliouza na kununua pale, walikuwa wakisema lugha hii ninayoandika. Mwarabu na Mshirazi kuwamo ndani ya nasaba hakumfanyi bibi yangu kuwa mgeni wa msikiti wake.

Msidhani nasifia huku kila kitu. Jumapili mabasi yanamwaga watalii na hakuna pa kupitisha kiti. Siku nyingine madirisha yamefungwa, na naweza kumaliza wiki sijasikia mtu akipiga hodi. Kwetu ukikohoa usiku, asubuhi jirani anauliza kama umepata dawa. Mzee ana watoto wawili na anayemkata kucha ni mimi. Hilo sitalitamani hata kwa mshahara mara tatu.

Wiki iliyopita nilimpigia mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili hapohapo Masoko. Nikamwomba anipigie picha za Husuni Kubwa, kasri la sultani kule kisiwani, nimwonyeshe mzee bwawa la humo lenye pembe nane. Akacheka. "Shangazi, kule wanaenda wazungu. Mimi sijawahi kuvuka."

Nimemtumia nauli ya mashua, na ya rafiki yake mmoja.